Baleti ya simuni, baleti ya sebuleni, ngoma ya uwanjani: ukiwa Tabora ushike ipi?

Tangu mwaka juzi nimeulizwa swali moja na watu watatu wasiofanana. Wa kwanza ni mtoto wa dada yangu, ana miaka tisa. Aliona kwenye simu ya mama yake msichana akicheza baleti, ile dansi ya jukwaani ya Kizungu isiyo na maneno, akizunguka juu ya ncha za vidole. Kesho yake nikamkuta ameshika nondo za dirisha la jikoni, mguu mmoja hewani, na uji aliotumwa kuukoroga unaungua. Wa pili ni kijana wa bodaboda wa kijiwe cha kwetu Isevya. Yeye alitaka nimweleze ni raha gani iliyomo katika kukaa saa mbili na nusu ukitazama watu wasiotamka hata neno. Wa tatu tunaimba naye kwaya. Amevuka hamsini, magoti yanalia akipanda ngazi, na anatafuta kitu cha kuuchangamsha mwili ambacho si kukimbia barabarani alfajiri mbwa wakimfuata.

Ukiyachambua maswali yao, yanarudi mahali pamoja: nitazame tu, nijifunze mwenyewe nyumbani, au nikacheze ngoma na wenzangu? Sijapata kukutana na mwalimu wa baleti mjini hapa, kwa hiyo baleti yetu ni ya kwenye kioo cha simu, ama ya kutazama ama ya kuigiza ukiwa umeshika kiti. Ngoma ndiyo iliyopo kwa miguu na mikono yake. Nimezijaribu njia zote tatu, moja ikanivimbisha goti, na nitalisimulia hilo likifika zamu yake.

Mizani

Nimepima kwa mambo matano: gharama, nani atakusahihisha, mwili wako na sakafu unayoikanyaga, watu na maneno yao, kisha raha yenyewe. Raha ndiyo kubwa kuliko yote, ila nimeiweka mwisho kwa sababu hayo manne ya mwanzo ndiyo yanayowaangusha watu kabla hawajaifikia.

Gharama

Kutazama ni bando. Video ya ubora wa 480p inaweza kula zaidi ya nusu GB kwa saa moja, na onyesho zima la Swan Lake, ile hadithi ya binti wa kifalme aliyegeuzwa ndege wa majini, linakaribia saa mbili na nusu ukihesabu na mapumziko. Usianze na hilo. Anza na The Dying Swan, mchezo wa mtu mmoja uliotungwa na Michel Fokine kwa ajili ya Anna Pavlova, mcheza baleti wa Urusi. Ni dakika nne hivi, ndege anakufa, basi. Usipoguswa na dakika nne hizo, utakuwa umeokoa bando la wiki. Pia kuna siku moja kila mwaka, tangu 2014, ambayo kampuni kubwa za baleti huonyesha mazoezi yao mtandaoni bila malipo. Itafute kwa jina la World Ballet Day. Mimi naipenda kuliko maonyesho yenyewe, maana unawaona wakitoka jasho, wakikosea na kurudia.

Kujifunza sebuleni kunataka bando lile lile, soksi, na kiti kizito. Hapo nina onyo moja kwa wazazi. Ukikutana na vile viatu vyenye ncha ngumu kwenye lundo la mitumba, viache. Ncha ile imejengwa kwa tabaka za kitambaa, karatasi ngumu na gundi, na kiatu huchaguliwa kwa kipimo cha mguu mmoja mahususi. Mtoto huvivaa baada ya miaka kadhaa ya mafunzo, mara nyingi akiwa na miaka kumi na moja au kumi na miwili, mwalimu akiwa ameridhika na nguvu ya vifundo vyake. Wa miaka tisa aliyejifunzia dirishani hahusiki.

Ngoma haili bando, inakula jioni zako. Kuna mchango wa kikundi, kuna sare, kuna njuga za kuazima na kurudisha, lakini deni kubwa ni kufika. Kikundi kikialikwa harusini Uyui au kwenye sherehe ya kijiji, huwezi kusema leo sijisikii. Baleti ya simuni inakusubiri hadi usiku wa manane. Ngoma haikusubiri.

Nani atakusahihisha

Sasa goti langu. Wacheza baleti hugeuza miguu kuelekea nje, visigino vikikutana na vidole vikitazama pande mbili. Kuna mikao mitano ya miguu ambayo kila kitu kimejengwa juu yake, na ya kwanza yaonekana rahisi mno. Nikasimama sebuleni, nikaisukuma miguu mpaka ikafanya mstari mmoja kama ya yule dada wa kwenye video. Nikajisifu. Nikakunja magoti. Goti la kushoto lilivimba siku kumi.

Nilichokuwa sijui ni kwamba ule mgeuko hutoka kwenye nyonga. Nyonga yangu iligeuka nusu tu, kilichobaki nikakidai kwa goti, na goti halikuumbwa kujisokota. Mwalimu aliyesimama mbele yangu angeliona kosa lile mara moja. Yule wa kwenye video alinipongeza! Alisema vizuri sana, akaendelea na zoezi la pili. Hiyo ndiyo kasoro kuu ya njia ya sebuleni: mwalimu yupo, ila hakuoni. Dawa yake ni nusu dawa: jirekodi, kisha linganisha, na ugeuze miguu kiasi ambacho goti linabaki limetazama kule kule vinakotazama vidole.

Faida ya njia hiyo ni kwamba somo limepangwa. Mwaka 1661 mfalme Louis XIV wa Ufaransa alianzisha chuo cha kifalme cha dansi, na maneno ya Kifaransa yamebaki hadi leo: pilie ni kukunja magoti, tandu ni kuunyoosha mguu ukiburuza vidole sakafuni, pirueti ni kuzunguka juu ya mguu mmoja. Akisema pilie mwalimu wa Havana au wa Moscow, ni pilie ile ile. Ukijifunza maneno ishirini unaweza kufuata darasa la nchi yoyote, hata lugha yenyewe ikikupita.

Ngomani mambo yamegeuzwa. Manju, au ningi kama Wasukuma wanavyomwita, anakuona. Anakuona hata ukijificha mstari wa nyuma, na atapuliza filimbi akikuelekezea kidole mbele ya watu wote. Ila haelezi. Nilipouliza mguu gani unatangulia, nilijibiwa nisikilize ngoma. Baleti huanza na mkao wa mguu, mapigo yakafuata. Huku mapigo hutangulia, na mguu utajua wenyewe pa kukanyaga. Wako watu ambao hilo linawafungua, na wako wanaobaki wamepotea mwezi mzima. Mimi nilipotea wiki tatu.

Mtazamaji hana wa kumsahihisha, lakini anahitaji wa kumfungulia macho, la sivyo ataona vitambaa vinapepea tu. Soma hadithi kwanza. Halafu jua kwamba katika baleti za zamani mikono inaongea: mtu akizungusha mikono juu ya kichwa anasema tucheze, akigusa kidole cha pete anataja ndoa, akipishanisha vifundo vya mikono mbele yake huku amekunja ngumi anataja kifo. Nilimweleza hayo kijana wa bodaboda, kisha nikamwekea sehemu ya pili ya Giselle, baleti iliyoonyeshwa mara ya kwanza Paris mwaka 1841. Mabinti waliokufa kabla ya harusi zao wanafufuka usiku makaburini, na mwanamume wanayemkamata wanamchezesha mpaka afe. Alinyamaza kabisa. Mwishoni akasema hadithi hiyo hata bibi yake kule Sikonge angeisimulia, tena na jina la mto angeweka.

Mwili na sakafu

Majumba ya baleti yana sakafu ya mbao iliyojengwa ili ibonyee kidogo mtu anapotua. Sebule zetu ni saruji. Kwa hiyo ukijifunzia nyumbani, fanya yote ya kusimama na kushika kiti, na kuruka kuache kabisa. Jamvi halisaidii, linateleza. Pilie, tandu, kuinuka na kushuka kwa vidole, mikono. Hayo yanatosha miezi sita, na ukiyafanya sawasawa mapaja yatatetemeka kuliko aliyebeba ndoo mbili kutoka kisimani.

Uwanja wa ngoma ni udongo, rafiki wa goti kuliko saruji, ila una vumbi, na kiangazi cha Tabora vumbi hilo utalilala nalo. Kazi yake si ndogo. Katika bugobogobo, ngoma ya majembe, unakunja magoti na kiuno, jembe linarushwa na kudakwa, na wimbo mmoja waweza kudumu kuliko pumzi yako. Mwenye presha au mgongo aseme mapema. Vikundi vingi vina nafasi ya mwimbaji au ya mwenye kayamba, na nafasi hiyo haidharauliwi.

Kutazama hakuumizi kitu isipokuwa shingo. Weka simu mbali.

Kuna jambo nililiona baada ya kuzijaribu zote. Baleti na ngoma zinaanza kwa kitendo kile kile, kukunja magoti. Mcheza baleti anakunja ili aiache ardhi, kazi yote inayofuata ni kuificha nguvu aliyoitumia kuruka. Mcheza ngoma anakunja kisha anabaki huko chini, anaongea na ardhi, na nguvu anaionyesha wazi. Ukijua hilo, utaacha kuuliza ipi ngumu zaidi.

Watu na maneno yao

Mtu mzima akikutwa amesimama kwa mguu mmoja sebuleni, mtaani atasemwa. Binti akivaa nguo ya kubana itakuwa kikao. Mvulana ataulizwa kama ameishiwa kazi. Hayo yapo, na siyo ya kupuuza ukiwa unaishi nyumba ya kupanga yenye mlango mmoja wa uani. Kwa nguo, suruali ya mazoezi na fulana vinatosha kabisa. Kinachotakiwa ni goti lionekane linaelekea wapi. Kwa wavulana nina jibu moja, nalo ni Joel Kioko, kijana wa Kenya aliyeanzia mazoezi Nairobi akafika kusomea baleti London.

Lawama nyingine ni nzito zaidi: mnaiga ya Wazungu. Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipolihutubia Bunge akiwa Rais, alilalamika kwamba wengi wetu tumejifunza rumba, chachacha, twist, hata waltz, lakini ni wangapi wanaoweza kucheza, au hata wamesikia habari za Gombe Sugu, Mangala, Kiduo au Lele Mama. Nikiwa mtu wa Tabora, mji aliosoma na kufundisha, naichukua lawama hiyo kwa uzito. Siisomi kama marufuku, hata hivyo. Swali lake lilikuwa kama tunazijua za kwetu. Anayejua zote mbili hana deni.

Ngomani maneno hayakosekani pia. Wapo wa dini watakaokuuliza kuhusu dawa za manju, maana mashindano ya ngoma tangu zamani yamehusishwa na dawa za kuvuta watu. Ukitaka kujiunga, kaa na viongozi wa kikundi, uliza waziwazi wanafanya nini na hawafanyi nini. Vikundi havifanani. Na kama unaogopa nyoka, usiende kwa Bayeye, wacheza ngoma na nyoka.

Mtazamaji hasemwi na mtu, labda na mwenye kudai zamu ya kuchaji simu.

Raha yenyewe

Mwaka 1653 yule mfalme Louis, akiwa na miaka kumi na minne, alicheza mwenyewe jukwaani akiwa amevaa kama Jua. Baleti ilikuwa mchezo wa wakuu wa ikulu wenyewe. Baadaye ikawa kazi ya waliosomea, wengine wakakaa vitini gizani, kimya, wakipiga makofi kwa adabu. Raha ya kutazama baleti ni raha ya huyo aliyekaa gizani: mtu mwingine anaufanyia mwili wake kitu ambacho wako hautakifanya kamwe, na wewe unakishuhudia. Mimi naiona ni raha ya kweli, si ya mvivu.

Huku kwetu mtazamaji ana madaraka. Baada ya mavuno, Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, wanaposhindana, makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, yakitazamana, na umati unahama. Anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Hakuna jopo la majaji. Miguu ya watazamaji ndiyo kura, na manju akiona watu wanampungua ataleta kituko kipya hapo hapo. Nimesimama katika umati huo nikajikuta nimehama mara tatu, na kila nilipohama nilijisikia msaliti.

Raha ya kujifunza sebuleni ni ya polepole na ya faragha. Siku mguu unapokaa hewani hesabu nane bila kushika kiti, hakuna wa kukushangilia. Lakini inabadilisha macho. Katika Swan Lake kuna mchezo mfupi wa ndege wanne wadogo, wasichana wanne wameshikana mikono iliyopishana, wanakwenda pamoja kama cherehani moja. Nilipoutazama mara ya kwanza niliona miguu. Baada ya mwezi wa kuhangaika na kiti nikautazama tena, nikaona vichwa: vinageuka kwa pamoja, na kwa kuwa mikono imefungana, mmoja akitetereka wote wanne wanajulikana. Nikakumbuka mstari wa majembe, mmoja akichelewa kudaka. Toka siku hiyo siwezi kutazama mstari wowote, hata wa kwaya yetu, bila kumtafuta yule anayechelewa. Mara nyingi ni mimi.

Njia ya nne, kwa kifupi

Anayetaka kufanya sanaa hii kazi asidanganywe na simu. Kuna Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, iliyoanza mwaka 1981 ikiwa Chuo cha Sanaa, inayofundisha ngoma, muziki na maigizo. Baleti si lengo lake, jukwaa ndilo lengo. Kwa reli ni kilomita 840 hivi kutoka Tabora hadi Dar es Salaam, kisha gari hadi Bagamoyo. Nenda walau kwenye tamasha lao la kila mwaka, utazame, ndipo uamue.

Kwa hali yako

Mtoto wa chini ya miaka kumi anayening'inia dirishani: mpe vyote kwa kipimo kidogo. Dakika kumi na tano za pilie na tandu, mtu mzima akiwa karibu kuangalia magoti, na mpeleke ngomani akimbie nyuma ya mstari kama watoto wengine. Mapigo atakayoyaokota huko hakuna video itakayompa. Uji mkoroge mwenyewe.

Kijana mwenye nguvu na jioni tupu, anayechoka kukaa peke yake, aende ngomani. Kama zamu za kazi hazitabiriki, kama hao wa bodaboda, kikundi kitamfukuza kabla ya mwezi kwisha; huyo atazame vipande vifupi, na Giselle aiweke siku ya mvua.

Mwenye aibu, au anayekaa nyumba yenye macho mengi, aanzie sebuleni mlango ukiwa umefungwa. Baadaye akikuta mwili umezoea kutazamwa na yeye mwenyewe, uwanja hautamtisha sana.

Mwenye magoti mabovu aonane na daktari kwanza, kisha akunje nusu tu, mikono aifanye yote. Mikono ya baleti ni somo zima, unaweza kulifanya umekaa kwenye stuli. Ngomani aombe kayamba.

Asiye na bando wala fedha ya sare asubiri Juni, mavuno yakishaingia ghalani, aende kusimama katika umati vijiji vya Nzega au Igunga na apige kura kwa miguu.

Mama wa kwaya tumeanza naye Jumamosi iliyopita, saa kumi jioni, barazani kwangu. Tulianza na viti vya plastiki, na kimoja kilimpinduka akiwa katikati ya tandu. Jumamosi hii nimeazima benchi la kanisani.